Kufuli Jekundu la Kitinda

Katika nyumba ile ya vyumba sita na bomba moja, mama mshonaji aliitwa na wapangaji wenzake Mama Angalia. Jina hakulichagua, ila alilifanyia kazi. Mtoto akipita na kikombe cha uji, "Angalia!" Mtu akipanda kiti kubadilisha balbu, "Angalia, jamani, utatuachia msiba!" Pasi yake ya umeme aliichomoa ukutani kwa kitambaa kikavu, uso kaugeuzia pembeni, kama anayemshika nyoka mkia. Pikipiki alisema ni jeneza lenye magurudumu, na hakuwahi kuipanda. Wapangaji walimcheka naye akawajibu hivi:

"Chekeni tu. Mimi sijaungua, sijavunjika, sijaibiwa. Haya, nani mwingine humu aseme hivyo?"

Wakarudi kwenye ndoo zao.

Watoto wake wawili wa kwanza walikuwa na nyumba zao. Aliyebaki naye ni binti wa mwisho, kitindamimba, ndiyo maana hata alipokuwa mtu mzima mwenye mshahara aliendelea kuitwa Kitinda. Na kama mtu angekaa akatafuta duniani kazi ya kumtesa Mama Angalia, asingepata inayoishinda ile aliyoipata Kitinda.

Nje ya mji kulikuwa na mashimo manne ya machimbo ya zamani, yaliyoachwa miaka mingi kwa popo na maji. Kampuni moja ikaja, ikayakausha, ikatandaza paneli za sola kwenye uwanja wote wa juu, na kila shimo ikalitundikia mzigo wa zege na vyuma chakavu, mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Mchana umeme wa jua uliivuta mizigo ile juu kwa nyaya nene kama paja la mtu. Jua likizama, mizigo ilishushwa polepole, na katika kushuka kwake nyaya zilizungusha mitambo, taa za mji zikawaka. Hapakuwa na mafuta wala moshi. Ilikuwa kupandisha na kushusha tu, kila siku ya Mungu.

Wafanyakazi, kwa kuwa mtu hawezi kufanya kazi na jinamizi bila kulitania, waliita mizigo ile wake wenza. Walisema mume wao ni jua. Mume akiwepo wote wanapanda juu kujishaua. Akiondoka wanashuka mmoja mmoja kwa zamu, na anayetangulia kila jioni ni Bi Mkubwa. Safari yake kutoka mdomo wa shimo hadi chini ilikuwa mita mia na hamsini, na aliitembea kwa dakika ishirini na tano, bila papara, kama mwenye nyumba anayejua kwamba hakuna wa kumwuliza. Akifika chini, Bi wa Pili anapokea.

Wiki ya kwanza Kitinda alirudi nyumbani macho yanamwaka.

"Mama, leo nimeingia chini ya Bi Mkubwa mwenyewe! Unajua pale chini kuna springi kubwa kuliko..."

"Sitaki!" Mama Angalia alijiziba masikio na mkasi uko mkononi. "Ukiniambia sitalala. Mwanangu, habari za huko ziache mlangoni pamoja na viatu vyako."

"Angalau nikueleze tunavyojilinda. Utatulia."

"Nikijua mnavyojilinda, nitajua mnajilinda na nini. Nimesema sitaki."

Kitinda akacheka, akaziacha. Baada ya hapo alikuja na tope kwenye buti, akaoga, akala, wakazungumza habari za jirani. Mama naye alidhani hofu aliyoifungia nje imekwenda zake. Nyinyi mlio na watoto wenye kazi za hatari mlisikie hili mapema, kabla ya mengine. Kosa halikuanzia kwenye kufuli. Lilianzia kwenye masikio yale mawili yaliyozibwa.

Siku yenyewe ilianza kwa jambo dogo. Mama Angalia alikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza, na uzi ukamwishia saa nne asubuhi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na mlango wa barabarani, na mlango ule bila kufuli hauachwi hata kwa muda wa kupiga chafya. Alipozungusha ufunguo kwenye kufuli lake la zamani, ufunguo ukakatika, nusu ikabaki ndani. Akalaani. Akageuka huku na huku, akaona begi la kazi la Kitinda likining'inia msumarini, na kwenye mkanda wa begi kufuli jekundu, zito, jipya, ufunguo wake umechomekwa.

Kitinda alikuwa uani anaosha nywele. Zamu yake ilianza saa tisa.

Kufuli lile lilikuwa na kibati kilichobandikwa picha ya Kitinda kavaa kofia ngumu. "Watoto wa siku hizi," mama alijisemea, "mpaka kufuli wanalipiga picha." Akalichukua. Hakuuliza, maana kufuli ni kufuli, na dukani ni nenda rudi ya nusu saa. Akafunga mlango, akaenda.

Nusu saa ikawa saa tano nzima. Duka la kwanza halikuwa na rangi ile ya uzi, la pili lilikuwa na msiba, la tatu foleni. Aliporudi saa tisa na nusu Kitinda alikuwa ameshaondoka kupitia mlango wa uani, akiwa na begi lake, wala hakupita upande wa barabara kuona kilichoning'inia pale. Mama akafungua, akaliweka kufuli juu ya meza ya cherehani, akaketi kufukuza muda aliopoteza. Uzito wake ukamfaa. Aliutumia kukandamiza kitambaa kisiteleze wakati wa kukata. Alasiri yote ile kufuli lilikaa juu ya sare za watoto, picha ya binti yake ikitazama dari.

Mwanga ulipoanza kupungua alilisogeza ili akunje sare ya thelathini na moja. Kibati kikapinduka. Kwa nyuma kulikuwa na maandishi. Mama Angalia alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na kusoma kwake kulikuwa kwa kutembeza kidole. Akatembeza.

HATARI. NIPO CHINI YA MZIGO. KUFULI HILI LIKITOLEWA, MZIGO UNAWEZA KUSHUKA. ASILITOE MTU YEYOTE ISIPOKUWA MIMI.

Mara ya kwanza alisoma kama mtu anavyosoma tangazo la sabuni. Mara ya pili kidole kilisimama kwenye neno "mimi", akageuza kibati, akaiona picha. Haikuhitaji elimu kubwa. Kufuli hili lilitakiwa liwe mahali fulani huko machimboni, limeshika kitu kisishuke juu ya mwanawe, nalo lilikuwa hapa, juu ya sare.

Akapiga simu. "Mtumiaji wa namba unayopiga hapatikani." Akapiga tena. Sauti ile ile ya mwanamke, tulivu kama ya muuza sanda. Namba nyingine ya huko hakuwa nayo. Angeipata wapi, naye alikataza habari za huko zisivuke kizingiti?

Alitoka mbio, kufuli mkono wa kulia, ufunguo wa kushoto. Mlango wa barabarani, ule alioufungia kufuli la watu, aliuacha wazi mpaka ukutani.

"Mama Angalia! Mlango wako!" jirani akapiga kelele kutoka kwenye bomba.

"Uangalie wewe leo!"

Jirani akaiweka ndoo chini. Katika miaka tisa hakuwahi kumsikia mama yule akimwachia mtu mwingine kuangalia.

Alikimbia kwa malapa mpaka moja likakatika, akalitupa lote na mwenzake. Alikuwa amefika kwenye kona ya kinyozi, pumzi zinamkwaruza kifua, taa za barabarani zilipowaka. Ziliwaka kwa mstari kutoka upande wa machimbo kuja kwake, moja, moja, moja. Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakashangilia kama walivyofanya kila jioni. Mama Angalia akasimama katikati ya barabara. Jambo moja Kitinda alikuwa amewahi kulichomeka kabla hajazuiwa: "Mama, ukiona taa zinawaka, ujue Bi Mkubwa ameanza safari. Dakika ishirini na tano, yuko chini."

Kinyozi alisema baadaye kwamba mama alizitazama taa zile kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Pikipiki ikapiga breki nyuma yake. "Mama, utagongwa! Ah, kumbe ni wewe. Si wewe uliyeniambia hili ni jeneza lenye magurudumu?"

Mama alikuwa ameshapanda. "Machimboni."

"Kofia kwanza, hebu..."

"Machimboni, baba! Mwanangu yuko chini ya jiwe!"

Kijana akaondoa pikipiki kwa kasi. Njiani kila nguzo waliyoipita ilikuwa inawaka, na kila iliyowaka aliihisi mgongoni kama hatua. Dakika ishirini na tano. Zimepita ngapi? Tano? Nane? Alijaribu kuhesabu akashindwa, akabaki kusema jina la mwanawe, lile halisi la siku ya kuzaliwa, ambalo hakulitumia miaka mingi.

Langoni kulikuwa na mlinzi mwenye koti kubwa kuliko yeye na daftari kubwa kuliko koti.

"Shikamoo mama. Kitambulisho?"

"Fungua! Lisimamisheni jiwe! Binti yangu yuko chini!"

"Taratibu, mama yangu. Binti yako nani?" Akamsikiliza, akalamba kidole, akafungua daftari. Mungu amsamehe, kidole chake nacho kilitembea. "Walioingia chini ya mzigo shimo la kwanza leo... yupo mmoja tu, fundi wa pampu. Ameingia saa kumi, ametoka saa kumi na mbili. Binti yako hayumo."

"Yumo!"

"Kwenye daftari hayumo, mama. Anayeshuka chini huandikwa namba ya kufuli lake. Bila kufuli haandikwi."

"Kufuli lake ni hili hapa!" Akalipigisha mezani mpaka kalamu ikaruka.

Mlinzi akalitazama. Akapiga simu ya ukutani, akanong'ona, akasikiliza, akaweka. "Chumba cha mitambo wanasema ubao mweupe. Maana yake hakuna mtu chini. Labda binti amekwenda nyumbani, mmepishana njia."

Mama Angalia alitaka kuamini. Kwa muda wa pumzi moja aliamini kabisa, akamwona Kitinda mlangoni akishangaa mlango wazi. Halafu macho yake yakaangukia rafu iliyokuwa nyuma ya mlinzi, yenye vijumba vidogo kama vya njiwa, ambamo wafanyakazi waliacha simu zao. Vingi vilikuwa vitupu. Kwenye kimoja cha chini kulikuwa na simu yenye ganda la maua ya njano, ganda alilolishona yeye mwenyewe kwa kipande kilichobaki kwenye gauni la mteja.

"Kama amekwenda nyumbani," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "simu yake inamngoja nani?"

Mlinzi akageuka. Alipogeuka tena kwa mama, alikuwa amezeeka. "Pita," alisema. "Mlango wa bluu. Kimbia, mama. Kimbia!"

Chumba cha mitambo kilikuwa safi, chenye sakafu ya kung'aa, na nyayo zake za vumbi zilipiga mihuri mpaka katikati. Ukuta mzima ulitetemeka kidogo kidogo, mtetemo usiosikika masikioni ila kwenye meno. Mwendesha mitambo alikuwa kijana wa miwani, shati limechomekewa vizuri, kikombe cha chai mkononi. Juu ya kichwa chake namba nyekundu zilikuwa zinapungua. Arobaini na mbili. Arobaini na moja nukta tisa.

"Hizo ni nini?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Mita zilizobaki. Mama, huruhusiwi..."

"Simamisha."

"Mama..."

"Mwanangu yuko chini yake. Kitinda. Simamisha!"

Kijana akaweka kikombe, akaonyesha ukutani. Palikuwa na mkono wa chuma wa swichi kubwa, umeelekezwa juu, na kando yake ubao mweupe wenye ndoano kumi. Ndoano zote tupu. "Tazama mwenyewe. Kila anayeingia chini huzima ule mkono na kuufunga kwa kufuli lake. Wakiingia wawili, makufuli mawili. Wakiingia saba, saba. Mimi siwezi kuwasha mpaka la mwisho litoke, na wakitoka wote ndipo ubao unabaki hivi. Ubao haudanganyi, mama."

"Leo umedanganywa. La kwake nilikuwa nalo mimi. Nilifungia mlango wangu."

Kijana akalitazama kufuli, akatazama namba. Thelathini na nne. "Nikizima ghafla mji wote giza. Bi wa Pili hayuko tayari kupokea. Mwezi uliopita mwenzangu alizima kwa kosa, akafukuzwa siku ile ile. Subiri nimpigie mkuu, dakika moja tu..."

"Piga," mama alisema.

Kijana akainua simu. Ikaita. Ikaita. Thelathini. Ishirini na tisa. Mama Angalia akautazama ule mkono wa chuma. Ulikuwa umechorwa radi ya njano na fuvu la kichwa, na yeye, maisha yake yote, swichi hata ya balbu aliibonyeza kwa ncha ya kitambaa. Akatafuta kitambaa. Hakuwa nacho, alikuwa amekuja kama alivyo. Ishirini na tano. Simu inaita.

Akaushika kwa mikono miwili mitupu, akajining'iniza nao.

Ukashuka kwa kishindo. Chini ya sakafu kitu kikapiga yowe refu la chuma kwa chuma, kikombe kikateleza mezani kikavunjika, na taa zote zikazimika, za chumba, za uwanja, za mji. Zilibaki namba tu, kwa betri yake. Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Bi Mkubwa hakuzoea kuambiwa simama. Kumi na saba nukta nne. Nukta tatu.

Nukta tatu.

Katika giza lile mama alipapasa mpaka akapata tundu kwenye mkono wa swichi, akapitisha kufuli jekundu, akalibana. Likalia: ta!

"Sasa," akasema, "awashe mwanamume."

Mlango ulifunguliwa, tochi ikaingia, na nyuma ya tochi fundi wa pampu, mtu mnene mcheshi ambaye wenzake walimwita Bwana Dakika kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa dakika moja tu. Kwa mkono mmoja alishika mpira mpya wa pampu, bado umo kwenye karatasi yake ya stoo. Kufuli lake la bluu lilining'inia kiunoni.

"Nani kazima? Nilikuwa stoo, yule mama wa stoo hakuwa anauona mpira..." Tochi yake ikampata Mama Angalia, ikashuka kwenye kufuli jekundu, ikapanda kwenye ubao, ikashuka taratibu kiunoni mwake mwenyewe. Mpira ukaanguka.

"Umemwacha wapi?" mama akauliza.

Bwana Dakika akageuka akakimbia kuelekea lifti ya watu, yenye betri yake, mnene vile, akilia kama mtoto.

Yaliyotokea yalijulikana yote baadaye, na yalikuwa mepesi kiasi cha kutia aibu. Kitinda alipofika kazini hakuona kufuli lake, akataka kurudi nyumbani kulifuata. Bwana Dakika akamwambia, "Kwa kazi ya dakika moja? Langu linatosha wawili." Wakafunga kwa kufuli moja, la bluu, wakashuka kuzibua mfereji chini ya springi. Mpira wa pampu ukapasuka. Wakaufunga kwa waya uendelee kuvuta hivyo hivyo, na Bwana Dakika akapanda kuufuata mwingine stoo. Alipopita kwenye swichi, mkono wake ulifanya ulichokifanya kila siku kwa miaka minne mtu anapotoka shimoni: ulichomeka ufunguo, ukatoa kufuli, ukalitundika kiunoni. Mkono uliozoea haumwulizi mwenye kichwa. Na Kitinda alikuwa amelala kifudifudi mferejini, masikio yamezibwa kwa vizibo vya kazi, pampu inanguruma kando yake, mgongo kaupa shimo lote. Alijua kuna kufuli juu. Alifanya kazi kwa amani kabisa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule mama alisimama gizani amelishika kufuli. Walimletea kiti akakataa. Mwendesha mitambo alimwambia polepole, "Mama, ukiachia halitoki, limefungwa," naye akasema, "Najua," na hakuachia. Hakuna aliyeweza kumwambia kama mita kumi na saba ni nyingi au ni chache, wala kama breki zile zilitengenezwa kushika mzigo uliokatizwa vile, na yeye hakuuliza. Alisikiliza. Kila chuma kilichopoa kwa mlio mdogo, tik, alikaza vidole.

Kisha akasikia buti.

Kitinda aliingia ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatabasamu nusu, kwa mshangao, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Nini hiki, mbona giza? Nilihisi upepo shingoni, nikadhani Bwana Dakika kafungua mlango wa chini. Nikageuka..." Akamwona mama yake. Miguu mitupu, nywele wazi, mikono kwenye swichi. "Mama? Umefikaje hapa?" Halafu akaliona jekundu. "Kufuli langu! Nimelitafuta leo mpaka..."

Wengine walikuwa wameshajaa mlangoni: mlinzi, mama wa stoo, mkuu wa zamu kafika anahema. Macho yao yote yalikuwa kwa Bwana Dakika, aliyekaa chini sakafuni kaegemea ukuta. Mkuu alikuwa ameanza: "Wewe, kesho usije. Usije kabisa. Mtu anaingia bila kufuli, unamruhusu, halafu..."

Mama Angalia angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemjua kwa baya. Alikuwa mama aliyeokoa mwana. Alitazama kichwa kile kilichoinama, upara wenye jasho, akaona ni mtoto wa mtu.

"Mimi ndiye niliyelichukua," akasema. "Asubuhi. Kwenye begi lake, bila kumwuliza. Nilifungia chumba cha cherehani."

Tabasamu la Kitinda liliondoka uso wote, tope likabaki.

"Cherehani," akarudia.

"Sikujua ni la nini."

"Hukujua." Kitinda hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mara ngapi nimetaka kukueleza, mama? Mara ngapi?"

Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndivyo wanavyosema. Uchungu wa kuwa wewe mwenyewe ndiye nusura ummalize mwana, huo haujapewa methali. Mama alifungua kiganja cha kushoto. Ufunguo ulikuwa umo tangu nyumbani, umemchora nyamani.

"Kulifungua ni kwako," mkuu alimwambia Kitinda. "Ndiyo sheria."

Mji mzima ulikuwa unangoja gizani. Kitinda akachukua ufunguo, akapeleka kwenye tundu. Ufunguo ukagonga kando. Akajaribu tena, ukagonga kando. Mama yake akamshika kwa nyuma kama zamani alipomfundisha kutunga uzi kwenye sindano, akamwongoza mkono. Lakini aliyezungusha ni Kitinda.

Bwana Dakika hakufukuzwa. Alihamishiwa juu kwenye paneli, na inasemekana siku hizi neno "dakika" halimtoki. Kitinda alirudi shimoni baada ya wiki. Mama alimlilia asirudi, akamkatalia chakula, akamnunia siku mbili. Kitinda akamwambia, "Nitarudi, lakini sharti sasa usikilize." Basi akasikiliza. Alielezwa springi, mfereji, breki, mlango wa chini, kila kitu, mikono imelala magotini asije akajiziba masikio. Usiku ule hakulala, kama alivyotabiri. Na uliofuata hakulala.

Alijinunulia kufuli lake, jeusi. Lile la zamani lenye nusu ufunguo analiweka mezani kukandamizia vitambaa. Na kila siku saa nane na nusu, kabla Kitinda hajavuka kizingiti, mama hunyoosha mkono.

"Nionyeshe."

"Hili hapa."

"Na ufunguo?"

"Huu hapa, mama. Shingoni."

"Ukifika usikubali la mtu. Hata akiwa malaika."

"Hata akiwa malaika."

Kisha hushona. Taa ikiwaka jioni, huondoa mguu kwenye cherehani. Wateja wamezoea, wanajua kwamba kwa dakika ishirini na tano Mama Angalia hapokei kipimo cha mtu. Hukaa akitazama balbu, maana amefundishwa: Bi Mkubwa akigusa chini na Bi wa Pili akipokea, taa za mji hupepesa mara moja, kidogo tu, kama mtu anayefumba jicho. Wenye raha zao hata hawaoni. Yeye huona. Ikipepesa, hukanyaga cherehani.

Jana ilichelewa. Zilipita ishirini na tano, ikapita na ya ishirini na sita. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja sare akainua macho, akamwona mama amesimama, viatu miguuni, mkono kwenye komeo.

Balbu ikafumba jicho, ikafumbua.

Mama akaketi. Viatu hakuvivua mpaka aliposikia buti za Kitinda uani, na sauti yake ikimwuliza jirani kama maji ya bomba yametoka.